Uteuzi wa Mada ya Tasnifu katika Historia ya Sanaa: Mfano wa Heru Juu, Buha

IKISIRI

Makala haya yanachunguza msongo unaompata mwanafunzi wa uzamili anapoteua mada ya tasnifu katika historia ya sanaa. Mfano unaotumika ni Heru Juu, wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya msongo huo hutokana na namna taaluma yenyewe ilivyojengwa, yaani istilahi zake, vielelezo inavyovitukuza, mtawanyiko wa nyaraka zake na kalenda ya chuo. Udhaifu wa mwanafunzi huchangia, lakini si chanzo kikuu. Makala yanapendekeza kuwa uteuzi uanze na kitu pamoja na jina lake katika lugha ya wenyewe, na nadharia ifuate baadaye.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa hatua zote za kuandika tasnifu, hatua ya kuteua mada ndiyo inayojadiliwa kwa uchache kuliko nyingine. Vitabu vya mbinu za utafiti huieleza kwa kurasa chache: mada iwe finyu, iwe na data, iwe mpya, na imvutie mtafiti. Ushauri huo ni sahihi, lakini humfaa zaidi mtu ambaye amekwisha kuteua. Kwa yule ambaye bado anatafuta, kila sharti ni mlango mwingine unaofungwa. Mada iliyo finyu huonekana haina uzito. Yenye data nyingi imekwisha kuandikwa. Iliyo mpya haina vitabu. Na ile inayomvutia huona haya kuitaja mbele ya jopo.

Dalili za hali hii zinafahamika katika idara nyingi. Mwanafunzi hubadili mada mara tatu katika muhula mmoja. Hukwepa kupita mbele ya ofisi ya msimamizi wake. Husoma zaidi na zaidi ili aahirishe kuandika, na kila kitabu anachosoma humwongezea mada nyingine badala ya kumpunguzia. Wenzake wanaposafiri kwenda uwandani, yeye bado anaandika upya ukurasa wa kwanza wa pendekezo. Usingizi humpungua, na hatimaye huanza kutilia shaka uwezo wake wote, hata katika mambo aliyoyamudu vyema alipokuwa shahada ya kwanza.

Mara nyingi walimu huiona hali hii kuwa ni uzembe au deko, na huijibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina busara yake. Hata hivyo, inachukulia kwamba majembe yako tayari, yamepangwa, na kazi ya mkulima ni kunyoosha mkono tu. Katika historia ya sanaa ya bara la Tanzania mambo hayako hivyo. Mwanafunzi anayekwenda Buha hana budi kulifua jembe lenyewe kabla ya kuanza kulima, na huku muda wa kulima unahesabika.

Heru Juu imeteuliwa kuwa mfano kwa sababu matatizo ambayo mahali pengine hujitokeza moja moja, hapa hukutana yote kwa pamoja. Kwa hiyo yatakayosemwa kuhusu Heru Juu yanaweza kumfaa pia mwanafunzi anayetafuta mada Ufipa, Unyamwezi au Uzinza.

2.0 Neno "Sanaa" na Mipaka ya Taaluma

Msongo wa mwanafunzi huanza na jina la somo lake. Neno sanaa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kutenda na kutengeneza. Katika matumizi ya Kiswahili neno hili limehifadhi upana huo. Seremala ana sanaa yake, mfinyanzi ana yake, na mtunzi wa mashairi ana yake. Uainishaji uliozoeleka nchini Tanzania, unaotenga sanaa za maonyesho na sanaa za ufundi, haukuliondoa neno ufundi katika sanaa; uliliweka ndani yake.

Taaluma ya historia ya sanaa, kwa upande mwingine, ilikua Ulaya katika mazingira tofauti. Huko, hasa tangu karne ya 18, ilijengeka tabia ya kutenga kazi zinazotazamwa kwa ajili ya uzuri wake, kama vile michoro, sanamu na majengo makuu, na kazi zinazotumika nyumbani au shambani. Kundi la kwanza liliandikiwa historia. Kundi la pili liliachiwa wanaethnografia. Jina la taaluma lilipotafsiriwa kuwa historia ya sanaa, neno lililopatikana lilikuwa pana kuliko dhana iliyotafsiriwa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huona chungu, mkeka na mpini kuwa ni sanaa bila wasiwasi wowote. Anapoandika pendekezo kwa kufuata vitabu vya taaluma, vitu hivyo hugeuka kuwa "zana" au "utamaduni wa vitu". Hajui kosa liko wapi, kwa sababu katika lugha yake hakukosea.

Mfano ulio wazi zaidi ni neno ngoma. Katika Kiswahili neno hili hutaja chombo, uchezaji, mkusanyiko wa watu wanaocheza, na katika baadhi ya mazingira hata tiba ya pepo. Katika Kirundi, ambacho ni lugha ndugu ya Kiha na iliyo karibu nayo sana, ingoma ni chombo na pia ni ufalme. Mwanafunzi anayependekeza "ngoma za Heru" hupokewa kwa namna tatu. Wataalamu wa sanaa za maonyesho watadhani anataka kuchunguza uchezaji; wa sanaa za ufundi watadhani ni uchongaji wa gogo na uwambaji wa ngozi; na wanahistoria watadhani ni alama za utawala. Kila upande utamshauri aende kwa mwenzake. Ukweli ni kwamba kitu anachokitafuta ni kimoja, na mgawanyiko uko katika vyumba vya chuo. Hakuna mgawanyiko wa namna hiyo katika ngoma yenyewe.

3.0 Heru Juu: Mahali na Historia Yake

Heru ilikuwa mojawapo ya falme za Buha, sambamba na nyingine kama Muhambwe na Buyungu zilizokuwa upande wa kaskazini, katika maeneo ambayo baadaye yaliunda Kibondo na, tangu 2012, pia wilaya ya Kakonko. Mtawala aliitwa mwami. Heru Juu, juu ya vilima vya Kasulu, ndipo palipokuwa makao ya watawala wa Heru. Wenyeji ni Waha, na lugha yao wao wenyewe huiita Giha, kwa kuwa kiambishi ki- hubadilika kuwa gi- mbele ya konsonanti isiyo ghuna.

Historia ya karne iliyopita iliigusa sanaa ya eneo hili kwa njia nyingi. Wajerumani waliitawala nchi hii hadi Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia 1916 hadi 1921 upande wa Kigoma ulikuwa chini ya majeshi na maofisa wa Ubelgiji, kisha ukawa sehemu ya Tanganyika ya Waingereza. Katika kipindi cha Waingereza Buha ilikuwa chimbuko la vibarua wa mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba, na kwa hiyo vijana wengi ambao wangejifunza kazi za mikono kwa wazee wao walikuwa mbali na nyumbani kwa vipindi virefu. Mwaka 1946 utawala wa Heru ulishikwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, ambaye alikuja kujulikana nje ya mipaka ya Buha. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria katika Tanganyika huru, na vitu vilivyokuwa alama za utawala vikabaki bila kazi iliyovipa maana. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika vilimani na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Aidha, tangu 1972, na hasa baada ya 1993, eneo hili limepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo.

Kila mojawapo ya matukio haya inaweza kuwa msingi wa tasnifu. Hapo ndipo ugumu unapoanza: mwanafunzi hakosi mada, bali anazungukwa na mada asizokuwa na kipimo cha kuzichuja.

4.0 Vyanzo vya Msongo

4.1 Vielelezo Vinavyotukuzwa

Mwanafunzi anapoingia maktabani hukuta kwamba historia ya sanaa ya Afrika Mashariki imekwisha kuchora ramani yake. Katika pwani kuna misikiti, makaburi na milango ya nakshi. Kazi ya Garlake (1966) kuhusu majengo ya kale ya pwani bado ni ya msingi. Kusini kuna vinyago na sanamu za Wamakonde. Dar es Salaam kuna mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Katika sanaa ya wasomi kuna wachoraji waliopitia Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo katika miaka ya 1930. Miongoni mwao ni Sam Ntiro na Elimo Njau. Kuhusu bara kuna kazi ya Cory (1956) juu ya sanamu za udongo zilizotumika katika mafunzo ya jando na unyago, na kazi ya Holy (1967) juu ya vinyago na sanamu. Maonyesho makubwa yaliyofanyika Ujerumani mwaka 1994, ambayo jina lake lilikuwa pia na maneno ya Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika, yaliipanua sana ramani hiyo. Hata hivyo, msingi wake ulikuwa uchongaji.

Mwanafunzi wa Heru Juu huisoma ramani hii na kujiuliza kama kwao kuna sanaa. Buha haikuwahi kupata umaarufu wa vinyago. Kazi zake ziko katika nyasi zilizosukwa, udongo uliochomwa, ngozi, chuma, na upangaji wa nyua na nyumba. Katika ramani iliyochorwa kwa kigezo cha mchongo, mahali hapa huonekana patupu. Utupu huo ni matokeo ya kigezo, lakini mwanafunzi huuchukulia kuwa ni sifa ya mahali, na wakati mwingine kuwa ni sifa yake mwenyewe. Ndiyo maana wengi hurejea kwenye Tingatinga au Wamakonde, mahali ambapo vitabu vipo, ingawa hawana swali jipya la kuuliza huko.

Kasfir (1984) alihoji zamani tabia ya kuchukulia kwamba kila kabila lina mtindo wake mmoja, na Vansina (1984) alionya dhidi ya kuyatumia majina ya makabila kama vitambulisho vya kazi za sanaa. Maonyo hayo yana maana ya pekee hapa. Mwanafunzi anayeanza na swali la "sanaa ya Waha ni ipi?" amejitwisha mzigo ambao taaluma yenyewe imekwisha kuutua. Swali hilo halina jibu, na kutafuta jibu lisilokuwapo ni chanzo kikubwa cha uchovu.

4.2 Nyaraka Zilizotawanyika

Chanzo cha pili ni mtawanyiko wa kumbukumbu. Kwa sababu ya historia iliyoelezwa hapo juu, nyaraka kuhusu Heru zimo katika Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na ziko Dar es Salaam, Berlin, Brussels na London. Shajara na barua za wamisionari wa White Fathers, waliofanya kazi Buha na kujenga misheni ya Kabanga karibu na Kasulu, zinahusiana na hifadhi ya shirika hilo Roma. Mwanafunzi wa uzamili mwenye ruzuku ndogo hawezi kufika kote huko. Akiteua mada inayodai nyaraka zote, atashindwa; akiziacha zote, mtahini atamwuliza kwa nini.

Hata pale nyaraka zinapopatikana, tahajia humficha mtafiti. Stanley, aliyepita katika nchi hii mwaka 1871 na kulalamikia hongo alizotozwa, aliandika jina lake kwa h mbili, Uhha. Wengine waliandika Uha. Maandishi ya baadaye yana Buha, na ya kitaaluma yana Ha bila kiambishi, kama katika ethnografia ya Scherer (1959). Mwanafunzi anayetafuta neno moja katika faharasa hupata ukurasa mmoja na kuhitimisha kwamba hakuna kilichoandikwa. Msongo wake unatokana na uhaba ambao kwa kiasi fulani haupo. Kinachokosekana ni ujuzi wa mofolojia ya majina. Hapa isimu inaweza kuisaidia historia ya sanaa kwa gharama ndogo sana.

4.3 Kalenda na Vibali

Chanzo cha tatu ni muda. Uwandani Buha mvua huanza kwenye Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Kazi zinazohitaji ukavu, kama vile kuanika na kuchoma vyungu au kuezeka kwa nyasi, huonekana vizuri zaidi kiangazi. Mwanafunzi ambaye pendekezo lake limepitishwa Septemba amekosa msimu, hata kama mada yake ni nzuri. Zaidi ya hayo, kuna safari ya kibali: kutoka chuoni hadi ofisi ya mkoa, kisha wilaya, kata na kijiji. Kila ofisi humwuliza anachotafuta, na kila mara hulazimika kukieleza kwa maneno mengine. Mwanafunzi ambaye hajaielewa mada yake mwenyewe hugundua jambo hilo mbele ya mtendaji wa kata.

4.4 Madai ya Nyumbani

Chanzo cha nne hakitajwi katika vitabu vya mbinu, lakini huenda ndicho kizito kuliko vyote. Chukulia mfano wa mwanafunzi aliyezaliwa Kasulu, aliyesomeshwa kwa michango ya ndugu. Ndugu zake wakisikia kwamba anaandika kuhusu sanaa, watauliza itamsaidia nini. Wakisikia kwamba anaandika kuhusu Heru, watatarajia aandike kila kitu: ukoo wao, haki yao ya ardhi, na ukweli kuhusu nani alitawala na nani alitawaliwa. Uhusiano kati ya koo za watawala na watu wengine wa Buha ni jambo ambalo bado lina hisia. Mada juu ya ngoma za mwami haiwezi kuwa ya ngoma tu machoni pa mjomba wake.

Kwa upande mwingine, wazee wanaojua kazi hizi wanazidi kupungua. Mwanafunzi hulijua jambo hili, na kulijua kunamfanya ajione kuwa mtu wa mwisho anayeweza kuokoa kitu. Hilo ni deni ambalo tasnifu ya shahada moja haiwezi kulilipa. Ni sharti isemwe wazi kwamba mwanafunzi hana wajibu wa kuhifadhi utamaduni mzima wa watu wake ili apate shahada. Msimamizi anayempa mzigo huo kwa nia njema humwongezea msongo, na tasnifu hupungua ubora kwa kiasi hicho hicho.

5.0 Mada Tatu na Uzito Wake

Ili hoja isibaki katika nadharia, yafaa kupima mada tatu ambazo mwanafunzi wa Heru Juu angeweza kuzifikiria.

Ya kwanza ni ngoma za utawala. Mvuto wake ni mkubwa. Kitu chenyewe kina sura, sauti, jina na siasa, na kinaweza kulinganishwa na Burundi, ambako uchezaji wa kiibada wa ngoma ya kifalme uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi zisizoshikika mwaka 2014. Hatari yake ni mbili. Kwanza, ulinganishi na Burundi unaweza kuimeza Heru, na kila pengo likazibwa kwa habari za ng'ambo ya mpaka. Pili, ngoma zilizopoteza kazi yake baada ya 1963 haziulizwi kwa urahisi. Kuuliza zilipo ni kuuliza nani alizichukua. Mada hii inamfaa mwanafunzi wa uzamivu mwenye muda wa kujenga uaminifu. Kwa mwanafunzi wa uzamili ni mada ya kukosesha usingizi.

Ya pili ni ufinyanzi au ususi katika kaya. Mada hii huonekana nyonge katika jopo kwa sababu zilizoelezwa katika sehemu ya 2.0. Lakini ina sifa ambazo mada ya kwanza haina. Wanaofanya kazi hiyo wanaweza kuonekana wakiifanya; hatua zake zinaweza kupigwa picha; na kila hatua ina jina. Aidha, ina swali la kihistoria lililo wazi: kaya zilipohamishwa mwaka 1972 kutoka vilimani hadi vijijini, umbali hadi kwenye udongo na nyasi ulibadilika, na majirani walibadilika pia. Je, maumbo na mapambo yalibadilika? Anayeuliza hivyo hahifadhi tu, bali anaandika historia. Wagner (1996) ameonyesha jinsi mazingira, jamii na historia vilivyofungamana katika fikra za watu wa Buha. Tasnifu ya ususi inaweza kuendeleza hoja hiyo kwa kutumia vitu.

Ya tatu ni taswira ya Mwami Theresa Ntare. Mtawala mwanamke wa katikati ya karne ya 20 alionekana vipi: mavazi gani, kiti gani, mahali gani mbele ya kamera, na alama zipi za utawala wa kale zilibaki katika picha hizo? Mada hii inaihamisha historia ya sanaa ya Buha kutoka kwenye "jadi" isiyo na tarehe hadi kwenye kipindi chenye miaka inayojulikana. Data yake ni picha na kumbukumbu za watu waliomwona. Ugumu wake ni haki za picha za familia na staha inayotakiwa kwa jamaa zake. Mwanafunzi aanze na picha zilizokwisha kuchapishwa, na asiahidi katika pendekezo picha ambazo bado hajaruhusiwa kuziona.

Ulinganishi huu unaonyesha kwamba mada inayovutia zaidi katika mazungumzo si lazima iwe inayowezekana, na mada inayodharauliwa huweza kuwa na swali bora. Mwanafunzi anayepima uzito wa mada kwa ukubwa wa kitu, yaani ngoma ya mwami dhidi ya kapu la nyumbani, ametumia mizani isiyofaa. Uzito wa mada uko katika swali.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na mjadala uliotangulia, utaratibu ufuatao unaweza kupunguza msongo bila kupunguza ukali wa taaluma.

Kwanza, mwanafunzi aanze na kitu kimoja kinachoonekana, akiandike kwa maneno yasiyozidi ukurasa mmoja: kimetengenezwa kwa nini, na nani, kinatumikaje, na kinaitwaje. Jina liandikwe katika Kiha kwanza, pamoja na majina ya sehemu zake na ya vitendo vya kukitengeneza. Sarufi na msamiati vilivyochapishwa na Harjula (2004) vinaweza kusaidia katika tahajia, ingawa istilahi za ufundi sharti zitafutwe kwa mafundi wenyewe. Orodha hiyo ya majina itamwonyesha mwanafunzi mipaka ya mada ambayo nadharia haikuweza kumwonyesha. Pale ambapo wenyewe wana majina manne kwa kile ambacho Kiswahili hukiita kapu tu, hapo pana mada.

Pili, atafute badiliko moja. Historia haiwezi kuandikwa juu ya kitu ambacho kinadhaniwa kuwa hakijabadilika. Kwa Heru Juu yapo matukio yenye tarehe: 1916, 1946, 1963, 1972, 1996. Kitu kimoja na tarehe moja vinatosha kuanza.

Tatu, achague hifadhi moja ya nyaraka anayoweza kufika na aseme wazi nyingine alizoziacha. Ukomo uliotamkwa katika pendekezo ni sehemu ya mbinu. Uliofichwa huja kuwa kosa mbele ya mtahini.

Nne, msimamizi atie sahihi si mada peke yake bali pia sababu za kuziacha mada nyingine. Mada zilizoachwa bila maelezo humrudia mwanafunzi katikati ya uandishi, hasa usiku, na kumfanya adhani alikosea. Zilizoachwa kwa sababu zilizoandikwa humpa amani, na huweza kumfaa mwanafunzi mwingine baadaye.

Tano, idara iache kuichukulia hatua hii kuwa ni ya faragha. Semina moja ya kila mwaka ambapo wanafunzi hueleza mada walizoziacha ingefundisha zaidi kuliko semina kadhaa za mada zilizopitishwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba msongo wa kuteua mada katika historia ya sanaa una vyanzo vinavyoweza kutajwa: jina la taaluma ambalo upana wake haukubaliani na dhana iliyotafsiriwa, ramani iliyochorwa kwa kigezo cha mchongo, nyaraka zilizotawanyika na kufichwa na tahajia, msimu usiongoja kikao cha jopo, na madai ya nyumbani. Kuvitaja vyanzo hivyo hakuviondoi, lakini humsaidia mwanafunzi atenganishe ugumu wa kazi na upungufu wake mwenyewe.

Lililo hatarini ni kubwa kuliko shahada. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na mwaka 2010 kilirudishwa Tanzania. Madai ya kukirudisha yaliweza kusimama kwa kuwa kilijulikana kilikuwa cha nani na kilitoka wapi. Kitu ambacho hakijaelezwa popote hakiwezi kudaiwa na mtu yeyote, hata kama wenyewe wanakikumbuka. Tasnifu ya uzamili yenye kurasa mia moja kuhusu kapu la Heru Juu, pamoja na picha zake, majina yake ya Kiha na tarehe za mabadiliko yake, ni maelezo ya namna hiyo. Yafaa mwanafunzi anayesitasita kuiteua kwa kuona haya aambiwe jambo hilo mapema, kabla hajaamua kurudi kwenye mada ambayo wengine wamekwisha kuiandika.